Mstari wa Kumi na Nne

Vile vitufe niliviomba mimi. Mama hajui, wifi yangu hajui, wala hawajui wale jamaa waliokuja msibani wakanishika mikono na kuniambia nimempigania kaka yangu mpaka dakika ya mwisho. Niliwaitikia tu, "Ahsanteni." Naandika hapa kwa sababu hakuna mahali pengine palipoandikwa.

Ninafanya kazi masjala ya hospitali, dirisha la tatu, mwaka wa kumi na moja sasa. Dirisha la kwanza ni la mafaili mapya, la pili ni la vyeti, la tatu ni la orodha ya wanaosubiri upasuaji wa moyo. Chumba cha upasuaji huo ni kimoja tu. Kwa wiki wanapasuliwa watu watano, sita kama mambo yamekwenda vizuri, na wanaosubiri hawapungui mia mbili. Zamani orodha ilikuwa kwenye daftari kubwa lenye jalada jeusi. Ikaja kompyuta, orodha ikawa jedwali kwenye skrini, kila mgonjwa na mstari wake: namba ya faili, jina, umri, simu, tarehe aliyoingia, hali. Aliyetangulia kuingia ndiye aliye juu. Sista wa upasuaji ana kompyuta yake ghorofa ya pili, naye huita watu kuanzia juu, akiruka wale ambao damu au homa haijakaa sawa. Akishamwita mtu, mstari wake unatoka, na wote walio chini wanapanda hatua moja. Kwa hiyo mstari ukitoweka kwenye jedwali ni habari njema. Au ni kifo. Hakuna sababu ya tatu.

Kaka yangu aliingia akiwa wa mia moja themanini na tisa.

Alikuwa fundi kufuli. Alikuwa na kibanda chenye mashine ya kuchonga funguo, na ubao wa misumari uliotundikwa funguo mia kadhaa ambazo hazikufungua chochote, alikataa kuzitupa. Mtaani walimwita Bwana Funguo. Siku daktari alipomweleza kwamba mlango mmoja ndani ya moyo wake haufungi sawasawa, kwamba damu ikitoka inarudi ilikotoka, alicheka mpaka akakohoa.

"Yaani mimi nimefunga milango ya mji mzima, daktari, wangu ndio umenishinda?"

Nikitoka kazini nilipita kibandani kwake, naye alikuwa na swali moja.

"Karani, leo mimi wa ngapi?"

"Wa mia na kumi na mbili."

"Na jana?"

"Mia na kumi na tano."

"Watatu wamenipisha. Watu wana adabu zao."

Kumtajia namba niliona si kosa, maana jedwali liko mbele ya macho yangu kutwa nzima, siwezi kufumba macho. Lakini kulikuwa na sharti. Mwaka mmoja nyuma karani mwenzangu alighushi fomu akampandisha mama mkwe wake mistari arobaini. Alipokamatwa alihamishiwa ghala la mashuka, na yuko huko mpaka leo, anakunja. Baada ya hapo Mkuu wa masjala alibandika tangazo ukutani nyuma ya kiti changu: mwenye ndugu kwenye orodha haruhusiwi kugusa mstari wa ndugu yake wala kuulizia habari zake. Chini yake tuliweka sahihi sote. Yangu ndiyo ya kwanza. Nilijiona mtu safi sana siku ile.

Sasa hivyo vitufe. Wakati huo jedwali lilikuwa la kutazama tu. Mgonjwa akibadilisha namba ya simu, au jina lake likiwa limekosewa, ninajaza fomu ya marekebisho, naitia sahihi, anaitia sahihi Mkuu, inapelekwa chumba cha mfumo kwa yule msichana mrefu tuliyemwita Miwani, yeye ndiye anayeingia kwenye hifadhi ya mfumo kurekebisha. Siku tatu. Mara nyingine wiki. Watu walinitukana dirishani. Kuna baba mmoja aliitwa kwa namba ya simu aliyokwisha kuiacha, fomu yake iko mezani kwa Mkuu inasubiri sahihi, nafasi ikapita. Alisimama mbele yangu akanitazama tu. Mchana huo nilikwenda kwa Miwani.

"Hivi hatuwezi kuwekewa vitufe palepale kwenye mstari? Nabonyeza Hariri, narekebisha, nabonyeza Hifadhi, yamekwisha."

Alichomoa penseli aliyokuwa ameichomeka kwenye nywele. "Inawezekana, dada. Nipe wiki tatu."

"Wiki tatu kwa vitufe vinne?"

"Kuviweka ni siku moja. Wiki tatu ni za kuvifundisha adabu."

Akanieleza. Alitaka kila badiliko liache alama: nani amebadilisha, saa ngapi, na kabla yake paliandikwaje. Alitaka mfumo uulize kwanza kabla ya kuhifadhi. Na zaidi ya yote alitaka kujaribu itakuwaje watu wawili wakiwa kazini kwa wakati mmoja.

"Wewe uko huku chini, Sista yuko juu, orodha ni moja. Lazima nione mkigongana inakuwaje."

"Mimi na Sista hatujagongana hata siku moja."

"Kwa sababu mlikuwa na karatasi katikati," alisema.

Nilimwona mtu wa kupenda kuzungusha mambo. Nikaenda kwa Mkuu, ambaye wiki iliyofuata alikuwa anategemea wageni wa ukaguzi na alitaka kuwa na kitu cha kuwaonyesha. Alimwita Miwani mbele yangu.

"Weka vitufe kwanza. Hayo mengine utayamalizia polepole."

"Mkuu, hayo mengine ndiyo kazi yenyewe."

"Binti, watu wanakufa wakisubiri fomu."

Ilikuwa kweli, na nilikuwa nimempa maneno hayo mimi. Miwani alinigeukia tukiwa mlangoni. "Haya. Ila mimi nimesema, dada."

Jumatatu vitufe vikawapo, mwisho wa kila mstari, vinne: Hariri, Hifadhi, Ghairi na Futa. Ukibonyeza Hariri, mstari unageuka njano, maandishi yanafunguka, unaandika unachotaka. Siku ya kwanza nilirekebisha namba za simu thelathini na moja. Mama mmoja aliniombea dua dirishani. Jioni nilimhadithia Kaka, na nakumbuka alivyokuwa akipuliza vumbi la shaba kwenye ufunguo huku akinisikiliza.

"Kwa hiyo siku hizi ufunguo unao wewe."

"Wako siugusi."

"Nani kakutuma uguse? Mimi wa ngapi?"

"Kumi na nane."

Aliweka ule ufunguo chini. Miezi saba alikuwa akiuliza kwa mzaha, jioni ile hakutania. "Basi mwezi huu," alisema. "Mwezi huu huu."

Alhamisi alikuwa wa kumi na tano. Saa nne asubuhi simu ya mezani ililia. Alikuwa binti wa mwalimu mmoja mstaafu, akatoa taarifa kwamba baba yake amefariki jana, atolewe kwenye orodha wapewe nafasi wengine. Nilimpa pole. Nikaandika namba ya faili kwenye kipande cha karatasi, nikaitafuta: mstari wa kumi na nne. Nikabonyeza Hariri. Mstari ukageuka njano, jina la mwalimu liko pale. Kwenye sehemu ya hali nikachagua "amefariki". Kabla sijahifadhi, bibi mmoja aligonga kioo akauliza vyeti vinatolewa wapi. Hakuwa anasikia vizuri. Nilimwelekeza mara mbili, mara ya tatu nikasimama nikamwonyesha kwa mkono. Niliporudi kukaa, mstari ulikuwa bado wa njano, jina la mwalimu bado liko pale. Nikabonyeza Hifadhi. Jedwali likapepesa mara moja kama kawaida yake, nami nikamwita wa mbele aliyekuwa kwenye foleni.

Saa nane, watu walipopungua, nilishuka na macho kwenye jedwali kumtafuta Kaka. Hakuwapo. Sikumwona wa kumi na tano, wala wa kumi na nne, wala wa kumi na tatu. Kama ningesoma majina yale kwa makini ningeliona jina la mwalimu limekaa pale mstari wa kumi na tatu, mtu ambaye nilikuwa nimemwandika maiti asubuhi ile kwa mkono wangu. Lakini macho yangu yalikuwa yanatafuta jina moja tu. Na mistari hutoka kwa mambo mawili, nami kaka yangu nilikuwa nimemwacha saa moja asubuhi akigombana na mteja juu ya kitasa. Nilijifunika uso kwa viganja vyangu nikalia kwa furaha, kimyakimya, dirisha likiwa wazi.

"Umeitwa," nilimwambia jioni. "Mstari wako umetoka."

Alizima mashine, akachukua kipande cha ubao na rangi, akaandika kwa herufi kubwa: FUNDI YUKO MATENGENEZONI. Akakitundika kwenye mlango wa kibanda.

Wifi yangu alifunga begi usiku uleule: shuka mbili, taulo, kandambili mpya, sabuni, nguo za kulalia alizozipiga pasi kana kwamba mtu anakwenda harusini. Begi likakaa karibu na mlango. Simu ikakaa kwenye chaji juu ya kiti, na mtu yeyote akitaka kukikalia kile kiti alifukuzwa. Kwa kawaida Sista hupiga siku ya pili au ya tatu.

Siku ya tano alikuja dirishani mwanamke aliyevaa nguo za msiba. Aliongea kwa sauti ya chini.

"Jana mmepiga simu nyumbani. Mnamwita baba aje kupasuliwa. Tumemzika Ijumaa."

Niliikumbuka sauti yake. Nilimwomba radhi, nikafungua jedwali, na kweli mwalimu alikuwa yumo ndani, hai. Nikabonyeza Hariri, nikachagua "amefariki" kwa mara ya pili, Hifadhi, safari hii akatoka. Nilimpigia Miwani simu nikiwa na hasira.

"Mfumo wako hauhifadhi. Umenitia aibu kwa wafiwa."

"Ilikuwa lini? Saa ngapi? Ulikuwa mstari wa ngapi?"

"Sijui, Miwani. Nina watu dirishani."

Nikakata. Huwa nairudia simu ile kichwani kuliko jambo jingine lolote. Alikuwa ameniuliza maswali matatu, na majibu yote matatu nilikuwa nayo.

Siku ya tisa miguu ya Kaka ilianza kuvimba. Alilala ameegemea mito minne. Wifi alinifuata jikoni.

"Si umuulize huyo Sista?"

"Siruhusiwi, wifi."

"Lakini wewe si uko humo humo?"

"Ndiyo maana siruhusiwi."

Kaka alisikia kutoka chumbani. "Mwache," alisema. "Asije akapelekwa kukunja mashuka kwa ajili yangu." Akapumzika kidogo. "Na hajui kukunja."

Wiki mbili na ushei zilipita hivyo. Kisha wifi, bila kunishirikisha, alichukua kadi ya mumewe akaenda ghorofa ya pili kama mtu mwingine yeyote, akapanga foleni, akamuuliza Sista. Aliposhuka alikuja dirishani kwangu. Alikuwa na watu wanne mbele yake, na aliwasubiri wote wanne wamalize. Akainama kwenye tundu la kioo.

"Wifi, wanasema mume wangu alikufa. Alhamisi ile."

"Nani anasema?"

"Kompyuta."

Nilifunga dirisha. Miwani alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kiti changu, akaandika vitu vyake kwenye skrini ambavyo sikuvielewa. Jina la aliyebadilisha halikuwapo, maana sehemu hiyo ndiyo ilikuwa "ya kumalizia polepole". Ila saa zilikuwapo. Sista alimwita mgonjwa wa tisa saa nne na dakika kumi na mbili. "Amefariki" ya kaka yangu ilihifadhiwa saa nne na dakika kumi na nne, kutoka dirisha la tatu. Alichukua penseli akanichorea mistari nyuma ya fomu.

"Ulipobonyeza Hariri, wa kumi na nne alikuwa mwalimu. Halafu Sista akamtoa wa tisa. Wote wa chini wakapanda. Skrini yako ilisimama, dada, kwa sababu ulikuwa unahariri. Orodha yenyewe haikusimama. Ulipobonyeza Hifadhi, kitufe kiliuambia mfumo: badilisha wa kumi na nne. Na wakati huo wa kumi na nne alikuwa..."

Penseli ikasimama kwenye mstari wa kumi na nne. 

"Kitufe hakikumjua mwalimu?"

"Kilijua nafasi. Hakikumjua mtu. Hilo ndilo nililotaka kulijaribu." Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi, nami nikayaona macho yake kwa mara ya kwanza, yalikuwa mekundu. "Nitaandika ni hitilafu ya mfumo. Si uongo."

Aliandika hivyo. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Nilidhani kumrudisha mtu ni kubonyeza mara moja. Kumbe mstari wa marehemu hauna vitufe. Yeye Miwani aliviondoa makusudi, ili mtu asije akafufuliwa kwa bahati mbaya. Kwa hiyo ikabidi fomu, ileile ya zamani, na safari hii ilitaka sahihi tatu na mhusika mwenyewe afike na kitambulisho.

Kaka alifika. Ngazi za masjala ni saba. Alipumzika mara tatu, wifi kamshika mkono wa kushoto. Mkuu alitoka ofisini kumpokea, na nadhani aliona aibu, kwa sababu alimvutia kiti mwenyewe.

"Pole sana, bwana. Mambo ya mashine haya."

"Bila samahani, Mkuu. Nimekuja kukana kifo. Nitie sahihi wapi?"

Makarani wa dirisha la pili walicheka. Alikuwa akipenda watu wacheke. Aliweka sahihi, akamkabidhi Mkuu kalamu kwa mikono miwili.

Miwani alimrudisha mchana uleule. Lakini mfumo ulimhesabu kama mtu mpya, ukampa tarehe ya siku ile. Mstari wa mia mbili na tatu. Aliyekuwa wa kumi na sita siku ile ya Alhamisi alikwisha kupasuliwa. Nilimwona wiki hiyo amekuja kuangaliwa kidonda, anapanda ngazi zile saba akiongea na simu.

Nilikwenda kwa Mkuu na tarehe ya zamani ikiwa imeandikwa kwenye karatasi.

"Tarehe ya kuingia ni mambo ya kamati ya orodha," alisema. "Inakaa Ijumaa ya mwisho wa mwezi."

"Ni wiki tatu hizo, Mkuu. Umemwona alivyo."

"Nimemwona. Lakini nikiibadilisha mimi kwa sababu ni ndugu wa karani wangu, kesho nitawaambia nini watu? Utaratibu, karani. Sahihi yako si ipo pale ukutani?"

Ilikuwapo. Ya kwanza.

Nilimweleza Kaka. Alikuwa anashinda kwenye kiti karibu na mlango, kwa sababu kulala kulimshinda. Mama alikuwa ametoka na wifi alikuwa uani anaanika nguo. Nilimwambia yote: simu ya mwalimu, bibi wa vyeti, kidole changu. Alinisikiliza akitazama miguu yake.

"Nani mwingine anajua?"

"Miwani."

"Yaishie hapo. Mama asijue, wala huyu." Alielekeza kidevu uani. Halafu akauliza, "Leo mimi wa ngapi?"

"Mia mbili na moja."

"Napanda," alisema.

Watu huniambia alikuwa mvumilivu, hakuwahi kumsumbua mtu. Nami huitikia. Lakini hapa nitasema ilivyokuwa. Aliniomba, mara moja. Ilikuwa siku kama tano baadaye, nilikuwa namfunga vifungo vya shati kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimevimba. Alisema bila kunitazama:

"Hicho kitufe si bado kipo?"

"Kipo."

"Na tarehe nayo inabadilika?"

"Inabadilika."

"Haya." Nikafunga mpaka kifungo cha mwisho. Kisha akaomba maji.

Kesho yake nilifika kazini kabla ya wenzangu. Nilishuka mpaka chini ya jedwali, mstari wa mia moja tisini na nane. Nikabonyeza Hariri. Mstari ukageuka njano. Nikafuta ile tarehe mpya nikaandika ya zamani, tarakimu kwa tarakimu. Sikuwa namwibia mtu. Ile ilikuwa nafasi yake. Sikuhitaji kugeuka kulitazama tangazo, nililijua kwa moyo. Nikawaza ghala la mashuka. Nikawaza watu watakavyosema kwamba na huyu naye ni walewale. Nikawaza kwamba kamati itakaa, zimebaki siku kumi na moja, siku kumi na moja si nyingi. Kipanya kilikuwa kimelowa jasho mkononi mwangu. Nikabonyeza Ghairi. Mstari ukarudi mweupe.

Alifariki Jumanne, siku tatu kabla ya kamati, mchana, kwenye kile kiti karibu na mlango. Begi lilikuwa bado pale. Wifi ndiye aliyemkuta. Alidhani amesinzia, akapita akiwa amenyata asimwamshe.

Kwenye mazishi walikuja watu wengi nisiowajua, kila mmoja akiwa na habari ya mlango uliogoma ambao Bwana Funguo aliufungua. Mama alikuwa akiwaambia wote, "Mwanangu huyu wa hospitali kahangaika, acheni tu." Nilikuwa nimekaa pembeni yake kwenye mkeka. Aliyasema mara nyingi maneno hayo, na kila alipoyasema alinipapasa goti.

Nilipewa ruhusa ya msiba siku saba. Niliporudi masjala nilikuta maua ya plastiki mezani, sijui aliyaweka nani. Nikawasha kompyuta. Jedwali likafunguka, na jina la kaka yangu lilikuwa la kwanza kabisa.

Kamati ilikuwa imekaa. Imekubali ombi, kwa kauli moja, Mkuu aliniambia baadaye, kama kunifariji. Tarehe yake imerudishwa jana yake jioni, na kwa tarehe ile hakuna aliyebaki juu yake. Taarifa ya kifo ilipaswa kuingizwa na dirisha la tatu, na dirisha la tatu lilikuwa limefungwa kwa msiba. Ilikuwa saa mbili kasoro. Sista huanza kupiga simu saa mbili na nusu, kuanzia juu, na simu iliyoandikwa kwenye mstari ule ilikuwa inakaa kwa wifi, juu ya kile kiti.

Ningeweza kumwita karani wa dirisha la pili anisaidie. Ndivyo sharti linavyotaka. Nilibonyeza Hariri mwenyewe. Mstari ukageuka njano, na pembeni yake likatokea neno ambalo halikuwapo zamani: umefungwa kwa ajili ya dirisha la tatu. Miwani alikuwa amefanya kazi wiki ile nzima. Nikachagua "amefariki". Nikabonyeza Hifadhi. Zamani jedwali lingepepesa, basi. Safari hii kikatokea kisanduku katikati ya skrini, na ndani yake jina la kaka yangu lote, majina matatu, namba ya faili, umri, na chini yake: Unabadilisha hali ya mgonjwa huyu kuwa amefariki. Una uhakika?

Kilikaa pale. Hakina haraka kile kisanduku. Kinasubiri mpaka ujibu.

Nikabonyeza Ndiyo.

Mstari ukatoka. Wa pili akawa wa kwanza, na wote wa chini wakapanda. Kwenye ukurasa wa mabadiliko, ambao Miwani alikuwa ameuongeza, kukawa na mstari mpya: tarehe, saa, "anasubiri" imebadilishwa kuwa "amefariki", na jina langu. Nikapanda juu kutafuta ile Alhamisi, saa nne na dakika kumi na nne. Haimo. Ukurasa unaanzia siku alipoutengeneza.

Saa mbili ikagonga, nikafungua dirisha. Mzee mmoja mwenye kofia alisogea, akainama kwenye tundu la kioo, akaniuliza yeye ni wa ngapi.